Darubini ya Bunduki: Alama Ipi Inalipa Pwani ya Lindi?

Mtu akitoka Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara, akakata mashamba ya Mingoyo kuelekea bara, ni nadra kuona mita 200 mbele yake bila kitu kuziba. Mikorosho imetandaza matawi hadi chini. Bonde la Lukuledi limejaa matete, na karibu na bahari ni mikoko. Ukimaliza mashamba unaingia vichakani, kisha miombo, na nyasi zisipochomwa zinamfika mtu kifuani. Pamoja na hayo, darubini za bunduki ambazo wawindaji wenye leseni wanaziulizia siku hizi ni zile zilizochorwa ndani rundo la mistari na nukta za kulengea mita 800 na zaidi, kwa fedha inayotosha kununua pikipiki mpya, na nyingine hata mbili.

Makala haya hayahusu darubini nzima. Yanahusu ile alama unayoiona ndani yake unapolenga, ambayo wengi huiita msalaba hata pale isipofanana na msalaba. Kioo kizuri ni kizuri popote. Alama ni jambo jingine: iliyotengenezwa kwa kazi fulani inaweza kuharibu kazi nyingine kabisa, na ukishanunua huibadilishi isipokuwa kwa kuirudisha darubini kiwandani, huduma ambayo kampuni chache zinaitoa na hakuna aliye na haja ya kuipeleka Ulaya au Marekani kwa kosa la kuchagua.

Basi kwanza tuulize mwindaji wa huku anapiga nini, na saa ngapi.

Katika mashamba, adui ni nguruwe pori. Anakula muhogo, mahindi na karanga, na hasara yake haiishii shambani. Utafiti wa Craig Packer na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, na wilaya za kusini, Lindi ikiwemo, zilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Moja ya sababu walizozitaja ni huyu nguruwe: yeye anafuata mazao, simba anamfuata yeye, na mwenye shamba amelala dunguni akilinda mazao hayohayo. Kwa anayemiliki bunduki kihalali na kupewa ruhusa na maofisa wa wanyamapori, nguruwe ndiye shabaha ya kawaida, na nguruwe hatoki saa saba mchana. Anatoka jua likishakuwa chini ya minazi.

Zaidi ya mashamba kuna vitalu vya uwindaji vya upande wa Kilwa na Liwale, vilivyobaki vya Selous baada ya sehemu kubwa ya pori hilo kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Huko mteja analipa kwa dola kumwinda nyati, palahala, pofu au kongoni. Hata huko miombo haitoi nafasi ndefu. Wawindaji bingwa wanamfuata nyati kwa miguu hadi mita 100 au pungufu, kwa sababu mbili. Kwanza, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kupiga ukiwa garini wala ndani ya mita 200 ya gari. Pili, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa ameuawa, na ada yake hulipwa. Kukosa kabisa hakugharimu kitu ila risasi. Kujeruhi kunagharimu mnyama mzima.

Kwa hiyo tatizo la pwani hii ni mwanga kuliko umbali. Lindi iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua likizama, giza linaingia ndani ya dakika 20 na kidogo. Kule Ujerumani mwezi Juni mwindaji ana karibu dakika 40 au zaidi za mwanga wa jioni. Sisi tuna nusu yake mwaka mzima. Na kumulika mnyama kwa tochi ili umpige ni kosa bila kibali. Mwenye bunduki ana dirisha fupi sana ambamo nguruwe mweusi, kwenye kivuli cha mkorosho mweusi, anapaswa kulengwa kwa mistari ambayo nayo ni myeusi.

Hapo ndipo alama ya zamani kuliko nyingi inapopanda bei machoni pangu. Wajerumani wana utaratibu wa kuzipa alama za kulengea namba, na ile wanayoiita namba 4 ina pau tatu nene, moja kutoka kushoto, moja kutoka kulia na moja kutoka chini, zinazoishia karibu na kati, ambako kuna msalaba mwembamba. Juu hakuna pau. Iliwafaa wawindaji wao kwa kazi maalumu: kukaa juu ya jukwaa la miti pembezoni mwa shamba wakati wa magharibi, au usiku wa mbalamwezi, wakimsubiri nguruwe mwitu aje kula mahindi. Yaani dungu. Msalaba wa kati ukishamezwa na giza, pau nene bado zinaonekana, na jicho lenyewe linajua katikati yake ni wapi. Wajerumani walitawala Lindi hadi Vita Kuu ya Kwanza, wakaondoka na mengi. Alama hii sijui kama waliwahi kuileta, lakini hakuna iliyochorwa kwa shida inayofanana zaidi na ya Mingoyo.

Ndugu yake wa Marekani ni Duplex, iliyotolewa na kampuni ya Leupold mwaka 1962: msalaba wa pau nne nene zinazokonda zikifika kati. Leo karibu kila kampuni ina ya kwake inayofanana nayo, kwa jina tofauti. Ukinunua darubini ya bei ya chini bila kutaja alama unayotaka, hiyo ndiyo utakayopewa, na hujapata hasara. Tatizo lake pekee ni kwamba baadhi ya kampuni huzifanya pau nyembamba mno, au sehemu ya kati kuwa pana mno, hadi magharibi hubaki na uwazi mkubwa usio na kitu. Msalaba mtupu wa nyuzi nyembamba pande zote, uliokuwa kwenye darubini za zamani, usiuchukue hata kwa bure kama kazi yako ni ya jioni.

Sasa tuje kwa zile za masafa.

Kuna alama zenye vistari au vinukta vichache chini ya kati, kila kimoja kikiwakilisha umbali: hiki mita 200, hiki 300, hiki 400. Zinavutia kwa sababu hazidai hesabu. Lakini kila moja ilipimwa kwa risasi ya uzito fulani ikitoka kwa kasi fulani, na mara nyingi kwa yadi, si mita. Yadi 400 ni mita 366. Marekani mtu ananunua risasi ya chapa ileile miaka kumi. Hapa mtu ananunua ile iliyopatikana. Ukibadili uzito wa risasi, vistari vinaanza kusema uongo, na hakuna kinachokuonya. Kwa soko letu la risasi, hii ndiyo alama ninayoiamini kidogo kuliko zote, ingawa ndiyo inayotangazwa kuwa rahisi.

Halafu zipo alama zenye vipimo, ama kwa mili ama kwa MOA. Hizi hazidai kujua risasi yako. Zinakupa rula tu. Mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100, sentimita 20 kwa mita 200, sentimita 30 kwa mita 300. MOA moja ni sentimita 2.9 kwa mita 100. Sisi tunapima kwa mita, kwa hiyo mili ni rahisi zaidi, na sioni sababu ya Mtanzania kununua ya MOA isipokuwa ameipata kwa bei ya kutupwa. La kuangalia ni kwamba vifundo vya kurekebishia vilivyo juu na pembeni viwe vya kipimo kilekile cha alama. Zimekuwepo darubini nyingi zenye alama ya mili na vifundo vya MOA, na mtu anabaki akizidisha kwa 3.44 huku mnyama anaondoka.

Chukua bunduki ya .30-06 yenye risasi ya kawaida ya gramu 11.7, iliyowekwa sawa kwa mita 100. Kwenye mita 200 risasi itakuwa imeshuka sentimita 12 hadi 15. Kwenye mita 300 itakuwa imeshuka karibu nusu mita, yaani mili moja na nusu na kidogo. Upepo wa kusi ukivuma kutoka ubavuni kwa mita 4 na nusu kwa sekunde, jambo la kawaida mwezi Julai msimu unapofunguliwa, utaisukuma risasi hiyo sentimita 20 hivi pembeni kwenye mita hizo 300. Kifua cha nguruwe pori kina kina cha sentimita 40 hivi. Kwa mita 200, mwenye Duplex analenga sehemu ya juu ya kifua na bado anapiga mahali pazuri, hahitaji kistari. Kwa mita 300 anakihitaji, na anahitaji kujua upepo, na anahitaji awe amefanya mazoezi. Ndiyo maana naweka mpaka hapo. Chini ya mita 200 vistari ni pambo.

Zaidi yake kuna zile ninazoziita rundo: mti mzima wa nukta na namba unaopanuka kuelekea chini, kama za Horus, zilizoundwa kwa wapiga shabaha wa jeshi na wa mashindano. Mwenye nazo hazungushi kifundo. Anashika nukta ya chini na ya pembeni inayofaa umbali na upepo. Ni kazi ya akili nzuri. Lakini nukta zote hizo zimewekwa mahali ambapo wewe unatafuta mguu wa mnyama kwenye majani.

Jambo ambalo muuzaji mara nyingi halisemi, na ambalo kwangu ni kubwa kuliko umbo la alama, ni mahali alama ilipowekwa ndani ya darubini. Kama iko nyuma ya vioo vya kukuza, inabaki na ukubwa uleule machoni unapokuza au kupunguza. Mnyama anakua, alama haikui. Kama iko mbele ya vioo hivyo, inakua na kupungua pamoja na mnyama.

Iliyo nyuma ina mtego. Vipimo vyake ni kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Una darubini ya mara 3 hadi 9 yenye nukta za mili. Kwenye 9 nukta moja ni mili moja, kwenye 3 nukta hiyohiyo ni mili tatu. Kwa mita 200 hiyo ni tofauti kati ya sentimita 20 na sentimita 60. Aliyesahau kurudisha ukuzaji juu atapiga juu ya mgongo na kuilaumu risasi.

Iliyo mbele haina mtego huo, ndiyo maana watu wa masafa wanaipenda na kuilipia zaidi. Mtego wake uko upande wa pili. Ukipunguza ukuzaji, kama unavyopaswa kufanya kichakani, mti wote wa nukta unasinyaa na kuwa kama utando wa buibui. Kwenye mara 5 na mwanga wa magharibi hutauona. Hapo darubini ya dola 1,000 inashindwa na ya dola 200.

Kupunguza ukuzaji si hiari ya mtu mvivu. Gawa kipenyo cha kioo cha mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Kioo cha milimita 40 kwenye mara 9 kinatoa milimita 4.4, kwenye mara 6 kinatoa karibu 6.7. Mboni ya kijana gizani inafunguka hadi milimita 7 hivi, ya mzee wa miaka 60 kidogo zaidi ya 5. Kwa hiyo kijana anayelenga jioni kwenye mara 9 anatupa mwanga alioulipia. Wajerumani walilijua hilo, ndiyo sababu ya darubini zao za ukuzaji mmoja, 6 kwa 42 na 8 kwa 56, ambazo zote zinatoa milimita 7. Hazina cha kuzungusha, hazina cha kusahau. Zikipatikana za mkono wa pili zenye namba 4, hazikai dukani.

Tuweke fedha mezani. Bei zifuatazo ni za rejareja Marekani, nazo hupanda na kushuka. Nimezigeuza kwa shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi, na usafirishaji, ushuru na VAT ya asilimia 18 havimo.

Darubini ya mara 3 hadi 9 yenye kioo cha milimita 40 na alama ya aina ya Duplex, kama Vortex Crossfire II, iko kwenye dola 150 hadi 200, yaani shilingi 375,000 hadi 500,000. Leupold VX-Freedom ya vipimo hivyo inacheza karibu na dola 300, shilingi 750,000. Ukitaka alama ya mili iliyo mbele kwa bei ya chini, Vortex Diamondback Tactical ya mara 6 hadi 24 ni dola 400 hivi, shilingi milioni moja. Tazama hiyo namba ya chini, mara 6 ndiyo ndogo yake kuliko zote, na nyati aliyetokea mita 30 mbele yako atajaza kioo kwa ngozi tupu. Nightforce SHV ni karibu dola 1,000 na zaidi. Zile za rundo kamili, Nightforce ATACR au Schmidt & Bender PM II, huanzia shilingi milioni sita na kupanda mbali zaidi ya hapo.

Kati ya makundi hayo kuna njia ambayo watu huipita. Darubini ya dola 300 yenye alama ya kawaida, ukaongeza kipima umbali cha leza cha dola 150 hadi 200, inagharimu nusu ya SHV. Moja ya kazi za nukta za mili ni kukadiria umbali kwa kujua ukubwa wa mnyama: sentimita 40 za kifua zikijaza mili mbili, yuko mita 200. Leza inakwambia hivyo kwa sekunde moja, bila kubahatisha kama nguruwe ni mkubwa au mdogo.

Nukta yenye taa katikati ya alama ninaihesabu kuwa nyongeza pekee inayostahili fedha yake huku. Inaongeza dola 50 hadi 100 kwenye darubini za bei ya chini. Sharti iweze kufifizwa hadi iwe hafifu kabisa, kwa sababu taa kali gizani inafunga mboni na kumficha mnyama nyuma ya mng'ao. Nyingi hutumia betri ya CR2032, ileile ya rimoti za magari. Kuna za Trijicon AccuPoint, za karibu dola 1,000, zisizo na betri: mchana hukusanya mwanga kwa uzi wa plastiki, usiku hung'aa kwa tritiamu. Ni nzuri, ila tritiamu ni kitu chenye mionzi, na mionzi Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki inayoisimamia. Kibali kimoja zaidi, kwa nuru ambayo nusu yake huisha baada ya miaka 12.

Vibali vyenyewe vihesabiwe kama gharama. Marekani inaziweka darubini za bunduki kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa kutoka nje ya nchi. Binamu yako aliye Houston hawezi kuitia kwenye sanduku la nguo akaja nayo kama zawadi ya Krismasi. Huku kwetu bunduki na risasi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na polisi waliokupa leseni ndio wa kuulizwa kabla hujalipa, si baada ya mzigo kukwama. Mnunuzi wa kawaida anapita kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, na faida yake ni sehemu ya bei.

Gharama ambayo haiandikwi popote ni mazoezi. Alama ya mili haina maana kwa asiyewahi kupiga mita 300 na kuona risasi yake inaangukia wapi. Risasi ya .375, ambayo ndiyo kipenyo cha chini kinachokubalika kwa nyati na wenzake, mara nyingi huzidi dola 4 kwa moja huko huko Marekani. Risasi 50 za kujifunzia ni dola 200 na zaidi, bei ya darubini nzima. Nikiambiwa mtu ana milioni tatu za kutumia, namshauri milioni moja iende kwenye darubini na leza, nyingine kwenye risasi za mazoezi, na iliyobaki ibaki. Na kwa bunduki inayorudisha nyuma kama .375, aulize nafasi kati ya jicho na kioo cha nyuma. Chini ya sentimita 9 atapasuka nyusi bila kujali alama iliyomo.

Wapo ambao rundo la nukta linawafaa kweli: anayekwenda kuwinda nyanda za wazi za kaskazini, upande wa Longido na Ziwa Natron, ambako swala anasimama mita 300 na hakuna kichaka cha kujificha, au mpiga shabaha anayependa mchezo wenyewe. Huyo achukue mili, iliyo mbele, na ukuzaji wa chini usiozidi mara 4. Anayefanya kazi kwenye vitalu vya Liwale achukue mara 1 hadi 6 yenye nukta ya taa, iliyo nyuma. Wa Mingoyo mwenye raifali halali na shamba pembeni mwa Lukuledi achukue namba 4 au Duplex yenye pau nene. Na mwenye gobori, ambao ni wengi kuliko wote hao, hana pa kuifunga darubini. Fedha yake inafaa zaidi kwenye uzio wa miba.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akutolee darubini mbili au tatu, bila bunduki, mlangoni pa duka saa kumi na mbili na robo jioni. Zielekeze kwenye kitu cheusi kilicho kivulini, tairi au shina la mwembe, kwanza kwenye ukuzaji wa chini, kisha mara 6. Angalia ipi inapoteza alama kwanza. Muuzaji akisema anafunga saa kumi na moja, rudi Jumamosi kwa mwingine.